Aliyelala Ili Mwingine Asimame

Obadia Ngole alipokohoa, mnara ulipinda.

Haukupinda kweli. Ulikuwa mnara wa umeme wa upepo, umesimama wima juu ya kilima kimoja nje ya Makambako kama ulivyosimama siku zote, na pangaboi zake tatu zilikuwa zimefungwa breki tangu asubuhi. Skolastika Mlowe alilijua hilo vizuri. Hata hivyo aliukumbatia ukingo wa jukwaa kwa mikono miwili, spana ikining'inia kwenye kamba kiunoni, akafumba macho na kusubiri. Kikohozi cha pili kikaja, na miguu yake ikamwapia kwamba amelala ubavu hewani. Cha tatu kilikuwa kirefu. Halafu kukatulia, na dunia ikajirudisha mahali pake kidogo kidogo: chini ikawa tena chini, na juu ikawa juu.

"Skola, mbona umesimama?" Ilikuwa sauti ya Lameck Sanga, msimamizi wake, kwenye redio iliyobanwa begani.

"Mtu wangu anakohoa."

"Tena?"

"Tena. Amemaliza. Nakaza nati zilizobaki halafu nashuka."

"Shuka sasa hivi. Nati zitakusubiri."

Akaanza kushuka. Kila alipoteremsha mguu kutafuta kipago cha ngazi, habari za mguu ule zilisafiri hadi Njombe mjini, kwenye chumba cha hospitali alimolala mtu mmoja mwenye kofia ya nyaya kichwani, mwili wake ukiwa umelegezwa kwa sindano. Ubongo wa mtu yule ulizipokea habari hizo, ukazipima, ukajibu: egemea hapa, kaza goti, hapo sawa. Jibu likarudi kwenye kipokezi kidogo kilichopandikizwa nyuma ya sikio la Skola, na mguu ukakanyaga. Yote hayo yalifanyika upesi kuliko kupepesa jicho. Ndivyo Skola alivyotembea kwa miaka sita, na ndivyo alivyopanda na kushuka minara.

Pale chini Lameck alikuwa amemmiminia chai kwenye kifuniko cha chupa. Upepo wa Makambako huwa haumwachii mtu chai ya moto, kwa hiyo Skola aliinywa harakaharaka.

"Hicho kikohozi hakinifurahishi," Lameck alisema. "Siku moja kitakukuta umeshika kitu kwa mkono mmoja."

"Nitakuwa nimefunga mkanda."

"Mkanda!" Akatikisa kichwa. "Na kuna jambo jingine. Mwezi ujao adhabu yake inakwisha. Baraza la Ajali watawaita nyote wawili. Akikubali kuendelea kwa hiari, unaendelea. Asipokubali, kibali chako cha kupanda kinakufa siku hiyohiyo, na mimi sina la kufanya. Nenda kamwone, Skola. Zungumza naye kama mtu na mtu."

"Sijawahi kwenda kwake."

"Ndiyo nakwambia uende."

Jioni, kazi ilipokwisha, Skola aliketi kwenye kiti chake cha magurudumu, akajifunga mkanda wa kifuani, akapiga simu hospitali kuwaambia wanaweza kukata kiungo. Alikuwa amejifunza zamani kwamba lazima aketi kwanza. Kiungo kilipokatwa alijisikia kama mtu aliyevutiwa mkeka alipokuwa ameukalia. Kichwa kikamlemea upande mmoja, mikono ikaanza kutetemeka, na "kwaheri" yake kwa Lameck ikatoka nzito na ya kuburura, kama ya mlevi.

*

Siku ya ajali kulikuwa na ukungu. Skola alikuwa kwenye pikipiki yake akienda kazini, na alikuwa akiimba ndani ya helmeti, hilo alilikumbuka. Enzi hizo bado yalikuwepo malori machache yaliyoendeshwa na mikono ya watu, na moja kati yake lilikuwa la Obadia, limebeba mbao kutoka Mafinga. Obadia alikuwa ameendesha usiku kucha. Alisinzia kidogo tu, kiasi cha lori kuuvuka mstari wa katikati.

Yeye ndiye aliyeshuka mtaroni kumtafuta. Yeye ndiye aliyemfunga kichwa kwa shati lake na kukaa naye hadi gari la wagonjwa lilipofika, akimwambia maneno ambayo Skola hakuyasikia na ambayo Obadia hakuwahi kumwambia mtu mwingine.

Skola alipopata fahamu hospitalini, mifupa yake yote ilikuwa mizima. Watu waliokuja kumwona walishukuru Mungu, wakasema ni muujiza. Kilichoharibika ni sehemu ya ubongo iliyo kisogoni, ile inayomwezesha mtu kuipata pua yake gizani, au kusimama bila kufikiria kwamba amesimama. Skola alikuwa na miguu yenye nguvu ambayo haikujua iko wapi. Alijimwagia uji kifuani kwa mkono wake mwenyewe. Alilia siku aliyomsikia mtoto wodini akimwuliza mama yake kwa nini yule dada amelewa mchana.

Sheria ya walalaji ilikuwa mpya. Aliyesababisha ajali angeweza kuchagua: gereza, au kulala. Kulala kulikuwa na maana ya kumwazima uliyemuumiza kile ulichomharibia, saa zote za kazi yake, siku zote za kazi yake, wewe ukiwa kitandani. Obadia hakuomba hata muda wa kufikiri. Siku ile ya kwanza fundi alipounganisha kiungo, Skola aliinuka kitandani, akatembea hadi dirishani, akauweka mkono wake juu ya kioo bila kukigonga. Wauguzi walipiga makofi. Upande wa pili wa ukuta, Obadia Ngole alikuwa ameanza kulala.

Miezi michache baadaye Skola alikuwa amerudi mnarani. Walimwandika magazetini. Wanafunzi waliletwa kumtazama akipanda. Hakuna aliyeletwa kumtazama Obadia.

*

"Sema ukweli, daktari," Skola alisema. "Nimechoka kuambiwa tutaona."

Daktari Shekilindi alikuwa mwanamke mfupi wa Lushoto, mwenye tabia ya kuvua miwani kila alipokuwa na habari mbaya. Akaivua.

"Nianze na nani, wewe au yeye?"

"Yeye."

"Mapafu yake yanajaa maji. Mtu hakuumbwa alale mchana wote mwaka nenda mwaka rudi. Tunamgeuza, tunamkanda, lakini misuli ya miguu imekwisha. Jioni akifunguliwa anahitaji kushikwa ili afike chooni. Akiacha sasa, na akifanya mazoezi, atatembea. Akiongeza kipindi kingine kama hiki," daktari alisita, "sisemi atakufa. Nasema hatainuka."

"Na mimi?"

"Wewe umebakiwa na sehemu ndogo nzuri ya ubongo ule. Haikufa. Tungekuacha uanguke na kuinuka, pengine ingejifunza kazi, angalau nusu ya kazi. Tukakupa wa Obadia. Ubongo ukiona kazi inafanywa na mwingine, unakaa pembeni. Miaka sita umekaa pembeni."

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Hatukujua, Skola. Wewe na yeye ni miongoni mwa wa kwanza. Tumelijua kwa kuwatazama ninyi."

 Nje ya dirisha mtu alikuwa akifagia, na mchakacho wa ufagio ulisikika vizuri. Alikuwa kwenye saa za kiungo siku ile, miguu yake imetulia sakafuni. Chumba cha tatu kutoka pale, Obadia alikuwa amelala, akihisi jinsi Skola alivyokaa kitini.

"Tukikata, nitajifunza?"

"Utajifunza kutembea na fremu. Ukiwa mbishi sana, na wewe ni mbishi, labda bila fremu, kwenye ardhi ya kawaida."

"Mnara?"

Daktari aliipangusa miwani muda mrefu.

"Mnara, hapana."

*

Jumamosi gari lisilo na dereva lilimpeleka Uwemba, likamteremsha na kiti chake penye uzio wa Obadia, kisha likaondoka. Kulikuwa na baridi ya jua. Mwanamke mmoja aliyevaa sweta la kiume alikuwa amechuchumaa uani akichambua viazi, vya mbegu huku, vya kuuza kule. Aliinua macho, akatazama kile kiti, akatazama kovu lililotokeza chini ya kitambaa cha kichwa, akajua.

"Kamwene," mwanamke yule alisalimia.

"Kamwene. Naitwa Sko... Skolastika." Siku isiyo ya kazi ulimi wake uliburuza kila neno.

"Nakujua, dada. Mimi ni Tamari, mke wake. Karibu. Yuko nyuma, anaota jua."

Obadia alikuwa ameketi kwenye benchi, blanketi mabegani. Yule ambaye Skola alimkumbuka barazani alikuwa mtu mpana. Huyu alikuwa kama koti lililosahaulika kwenye msumari. Lakini alipomwona Skola, uso wake ulichangamka kama wa mtu aliyetembelewa na ndugu wa damu.

"Nilikuwa nakusubiri," alisema. "Nimeshawaambia hospitali, nitakubali. Kama ni hilo lililokuleta, ondoa wasiwasi, tunywe chai."

"Obadia, umesikia daktari..."

"Nimesikia. Wewe waambie jambo hili: ule mnara unaopanda siku hizi, ngazi ya juu kabisa imelegea, kipande cha kushoto. Umeikanyaga mara mbili wiki hii. Usiikanyage tena kabla hawajaifunga."

Skola alimtazama. Ngazi ile ilikuwa imelegea kweli. Hakuwa amemwambia mtu, hata Lameck.

"Unahisi mpaka hapo?"

"Kila kitu!" Obadia alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, akangoja kimwishe. "Dada Skola, mimi nimezaliwa bondeni hapa. Sijapanda hata paa la nyumba hii, fundi ndiye aliyepanda. Mwanzoni nililala kwa ajili ya lile nililokutenda. Nilikuwa nahesabu ni adhabu, na ni halali yangu. Halafu sijui ni lini ikageuka. Ukifika juu, ukisimama, upepo ukikusukuma na mimi nikakurudisha..." Alitandaza mikono miwili iliyokonda, akayumba kidogo, akajiweka sawa. "Siku hizi Jumapili inanichosha. Asubuhi ya Jumatatu inanikawilia."

 Skola alikuwa amejiandaa kwa mtu aliyechoka, au mwenye hasira, au atakayemwomba amwachilie. Kwa huyu hakuwa amejiandaa. Na ndani yake, aibu iwe kando, moyo uliruka kwa furaha. Amekubali. Mwenyewe. Kwa hiari.

Chai ilipokwisha Tamari alimsukuma na kiti chake hadi penye jiko la nje, akisema anataka kumfungia viazi vya kwenda navyo. Hakufunga viazi. Alisimama akishika mlango wa jiko.

"Ukimwuliza mbele ya Baraza atakubali," alisema. "Ndiyo maana nakuomba usimwulize."

"Ameshasema mwenyewe, da' Tamari. Ni mtu mzima."

"Ni mtu mzima. Anarudi jioni, mwili umeletwa kwenye gari, yeye amebaki kwako. Namwambia viazi vimeingiwa na ukungu, ananitazama kama mtu niliyemshusha toka mahali. Ningesikia ana mwanamke, ningejua pa kwenda kupigana. Hapa nipigane na nani? Na mnara?"

"Mimi sikumwomba anigonge!" Skola alitaka kulisema kwa sauti ya kawaida, lakini likatoka kwa kelele na mate. Akajifuta mdomo. "Unadhani wewe pekee ndiye uliyenyang'anywa? Mimi sikuwa na mume wa kwenda naye kanisani. Sina mtoto. Nilikuwa na kazi. Aliichukua barabarani, akanirudishia. Sasa mnataka aichukue tena?"

Tamari alichuchumaa mbele yake mpaka macho yao yakawa sawa.

"Sikusema hukuumia, mdogo wangu. Nilikuwa barazani siku ile, nilikuona ulivyoletwa. Nilirudi nyumbani nikamwambia, lala, na mimi nitakulea. Nimemlea. Yeye hawezi kukukatalia, kwa sababu ya yale aliyokutenda, na sasa kwa sababu ya huo ugonjwa wa kupanda. Mimi siwezi kukukataza, sina haki. Umebaki wewe peke yako ambaye unaweza kusema."

"Na nikisema, nani atanisimamisha mimi?"

 Tamari aliinuka, akafunga viazi.

*

Siku za kungoja Baraza zilikuwa ndefu. Skola alipanda kila siku, na kila siku alijipa sababu mpya. Kwamba Obadia ni mtu mwenye akili timamu. Kwamba sheria inaruhusu. Kwamba kuna watu wanaopenda kuvuta sigara na hakuna anayewapeleka barazani. Sababu zote zilikuwa nzuri. Kisha mtu alikohoa Njombe, naye akaning'inia kwenye mkanda wake akingoja, na zile sababu zikaonekana kama maneno ya mtu anayezungumza huku amekaa juu ya mwenzake.

Baraza lilikaa kwenye ukumbi mdogo wenye madirisha mengi. Mwenyekiti, mwanamke mwenye mvi, alimwuliza mlalaji kwanza, kama utaratibu ulivyotaka.

"Obadia Ngole, umemaliza adhabu yako. Hakuna anayekudai kitu. Je, unataka kuendelea kulala kwa hiari yako?"

"Nataka," Obadia alijibu kabla swali halijakwisha.

"Skolastika Mlowe. Unahitaji aendelee?"

Skola alikuwa akitazama viatu vya Obadia. Vilikuwa viatu vizuri vya ngozi, vya zamani, na kwa kuwa miguu ilikuwa juu ya kibao cha kiti cha magurudumu, soli zilionekana. Zilikuwa safi kama zilivyotoka dukani.

"Nahitaji," alisema. "Lakini sichukui."

 Mwenyekiti alimwomba arudie, akidhani ulimi umeteleza. Hakuwa amekosea. Kiungo kilikuwa kimekatwa, kwa kuwa Obadia alikuwa macho, lakini aliyavuta maneno moja moja mpaka yakanyooka.

"Sichukui. Aende nyumbani."

"Nani amekuomba unihurumie?" Obadia alikuwa amegeuka, mishipa ya shingo imemsimama. "Nimekuomba?"

"Hukuniomba."

"Basi kwa nini unaninyang'anya? Umenipa kazi miaka yote hii, leo unaninyang'anya mbele za watu!"

"Ile kazi ni yangu, Obadia."

"Ni yetu!" Sauti ilipasuka. "Kuna hatua moja umepiga kule juu bila mimi? Moja?"

"Hakuna," Skola alisema. Na hilo ndilo lililomwuma kuliko yote, kwamba lilikuwa kweli.

Tamari alikuwa nyuma ya kiti cha mumewe. Hakumtazama Skola wala hakumshukuru. Alikuwa akilia kimyakimya, na Skola hakujua kama ni kwa ajili ya mumewe, au kwa ajili yake, au ni uchovu tu.

Sheria iliacha siku chache kabla kiungo hakijakatwa kabisa. Ile ya mwisho, Skola aliomba mnara mrefu kuliko yote, na Lameck, ambaye hakuwa amezungumza naye tangu Baraza ila kwa mambo ya kazi, alimpa. Hakukuwa na kitu cha kutengeneza. Alipanda taratibu, akipumzika kila kituo, kama anavyotembezwa mgeni. Juu aliangalia mkanda wake mara mbili, kisha akaachia ukingo. Akasimama katikati ya jukwaa, mikono chini. Upepo ulikuja kutoka upande wa Usangu, ukamsukuma. Alijiachilia kidogo, na mahali fulani mtu aliyelala akamrudisha. Ukamsukuma tena. Akarudishwa. Kiungo hakikubeba sauti wala macho. Hapakuwa na namna ya kumwambia Obadia lolote zaidi ya hilo. Basi alimwambia hilo mpaka jua likasogea, na mpaka miguu yake, au ya yule mtu, ikaanza kuchoka.

Chini, alikataa kiti. Aliketi kwenye nyasi, akapiga simu, akasema, "Kateni." Kisha akashika nyasi kwa ngumi zote mbili, maana dunia ilikuwa imeanza kuzunguka.

*

Haya ya kuanguka hayasimuliwi kwa urefu, kwa sababu yanafanana. Skola alianguka hospitalini kati ya vyuma viwili vya kushikilia. Alianguka bafuni akavunjika kifundo cha mkono, akakaa wiki nyingi akiuuguza, akaanza upya. Alitukana wauguzi kwa ulimi wake mzito na wao wakamzoea. Kuna miezi aliyoamka kila asubuhi akimchukia Tamari kwa jina, na mingine akimchukia Shekilindi. Mara moja, akiwa amelala sakafuni na hakuna wa kumwinua, alitamani kwa moyo wote arudi mnarani, na kama mtu atalala hadi afe, basi na alale afe. Alilisema hilo kwa daktari, bila kulipamba. Daktari hakuvua miwani. Alisema tu, "Inuka, tujaribu tena."

Ubongo uliokaa pembeni ulirudi kazini kwa shingo upande. Kwanza ulijifunza kijiko. Halafu kitufe cha blauzi. Halafu, siku ambayo hakuna aliyekuwa akitazama, Skola alijikuta amesimama jikoni kwake akiwaza jambo jingine kabisa, na hakuwa ameshika kitu.

Alimpigia simu Lameck asubuhi iliyofuata.

"Nataka kurudi kazini."

"Skola, minara..."

"Nimesema kazini. Sikusema minarani."

Lameck alisitasita, akasema atauliza, akauliza. Walimweka kwenye kibanda cha redio chini ya minara, mahali anapokaa mtu wa kuzungumza na wapandaji. Mwanzoni vijana walilalamika kwamba anaongea polepole mno. Skola aliwajibu polepole kwamba na wao wapande polepole. Siku upepo ulipobadilika ghafla, binti mmoja mgeni akaganda juu ya ngazi asiweze kupanda wala kushuka, sauti ile ya kuburura ilikaa naye sikioni, mguu mmoja baada ya mwingine, hadi chini. Hakuna aliyeilalamikia tena. Lakini kila walipofunga mikanda yao, Skola alitazama pembeni.

Obadia alikuja wakati wa kiangazi. Skola aliwaona kwa mbali wakipanda njia ya vumbi, mwanamke mwenye sweta la kiume na mwanamume mwenye fimbo, aliyetembea hatua kadhaa, akapumzika, akatembea tena. Alikuwa ameongezeka mwili. Hakuwa amepokea simu ya Skola hata moja tangu Baraza.

Alifika kibandani, hakusalimia. Alisimama akiwa ameinua uso, akiutazama mnara kutoka chini hadi juu.

"Ndio huu?"

"Ndio huu."

"Sikuwahi kuuona." Alitazama muda mrefu. "Nilidhani ni mrefu zaidi."

"Ukiwa juu ni mrefu zaidi," Skola alisema.

Tamari alikuwa amekaa kwenye jiwe mbali kidogo, akitoa kikapuni chupa ya chai na kuwaacha. Pangaboi zilikuwa zikizunguka, na vivuli vyake, kimoja baada ya kingine, vilipita juu yao wawili.

"Nimekuja kukwambia sijakusamehe," Obadia alisema.

"Sawa."

"Usiku naota napanda. Nikiamka nakuta ni kitanda. Tamari anajua, nimemwambia. Natembea mpaka shambani siku hizi, napalilia, watu wananisifu. Sijakusamehe."

"Nimekusikia, kaka. Mimi pia kuna siku sijakusamehe."

Obadia aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa alichostahili. Kisha akauelekeza mkono kwenye mlango mdogo wa chuma uliokuwa kitakoni mwa mnara.

"Tuliingilia pale?"

"Pale. Njoo ukashike."

Skola aliiacha fremu yake kibandani. Kutoka hapo hadi mlangoni kulikuwa na nyasi na mawe, mteremko mdogo. Akaanza kwenda, miguu imetanuka, mikono nusu angani, akiyumba huku na huku, na nyuma yake aliisikia fimbo ya Obadia ikigonga mawe. Katikati ya njia jiwe lilibingirika chini ya unyayo wake. Aliinama vibaya. Kwa pembe ya jicho aliuona mkono wa Obadia umeshamfikia, umefunguka, tayari.

"Kushoto," Obadia alisema upesi. "Egemea kushoto."

"Usinishike."

Mkono ukabaki hewani. Skola aliegemea kulia, akaona si kwenyewe, akayumba, akapiga hatua mbili za haraka zisizo na adabu, akasimama. Alihema.  Kisha akaendelea, na Obadia, akiurudisha mkono wake taratibu kwenye fimbo, akamfuata.